Blogu ya Kijiko na Maoni ya Shangazi

Jina la Kijiko alipewa na shangazi yake, kwa sababu utotoni hakuweza kupita karibu na sufuria bila kutumbukiza kijiko. Likamganda. Hata alipofika miaka thelathini na mitatu, akiwa na kiti chake cha kuzunguka kwenye mapokezi ya ofisi ya bima, wenzake walimwita Kijiko, na wateja waliosikia wakafuata. Miaka tisa aliketi pale akisema "karibu, keti, utaitwa," na miaka hiyo yote alisomea chini ya meza majarida ya mapishi, yale yenye picha za sahani pana na chakula kidogo katikati.

Kwa hiyo alipopata ufadhili wa kwenda kusomea upishi ng'ambo kwa miezi kumi, hakuomba ushauri wa mtu. Alitangaza tu, siku ya Jumapili, watu wakiwa mezani.

"Unaacha kazi ya kuketi uende kusomea kazi ya kusimama?" kaka yake akauliza.

Mama yake akasema kama ameamua ameamua. Baba aliendelea kula. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amepika katika shule ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Yeye aliuliza jambo moja tu.

"Huko watakufundisha na kuosha sufuria?"

Kijiko alicheka. Ukweli ni kwamba shangazi huyo alikuwa nusu ya sababu ya safari yenyewe, ingawa si kwa namna ambayo mtu angeiandika kwenye fomu ya maombi. Kijiko alisoma shule ileile. Miaka minne alipanga foleni na trei mkononi, shangazi yake upande wa pili wa dirisha akiwa na upawa na kitambaa kichwani, na wasichana nyuma yake wakinong'ona: "Leo shangazi yako ametutilia mawe mangapi kwenye maharage?" Aliyeanzisha mzaha huo alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya kengele, na alipocheka yeye bweni zima lilicheka. Kijiko alimpenda shangazi yake. Ila alikula kiapo kimyakimya kwamba kama siku moja atapika, atapika akiwa na kofia nyeupe na cheti ukutani, na chakula chake hakitapakuliwa kwenye trei.

Blogu aliifungua wiki moja kabla ya kuondoka, akaiita Kijiko Ughaibuni. Aliwaambia watu ni ya kuwaweka karibu ndugu na marafiki. Hasa hasa ilikuwa ya kuwaonyesha watu wa bima.

Chuo chenyewe kilikuwa na jiko refu kama korido ya hospitali, meza za chuma, mabomba yanayofunguliwa kwa goti, na saa kubwa ambayo kila mtu aliiogopa. Mkufunzi alikuwa mtu mwembamba aliyechomeka vijiko vitatu vya kuonjea kwenye mfuko wa mkono wa koti lake. Hakujua kusifu. Chakula kibaya alikirudisha bila neno, na kizuri alikiambia, "Kinalika." Jirani wa Kijiko mezani alikuwa mzimamoto mstaafu, mtu wa miraba minne, aliyeamua uzeeni kukutana na moto akiwa ameuwasha mwenyewe.

Wiki tatu za kwanza walikata vitunguu, basi. Asubuhi vitunguu, mchana vitunguu, Ijumaa mtihani wa vitunguu. Kijiko alirudi chumbani kwake akinuka hadi kwenye nywele, akaosha uso, akafungua kompyuta na kuandika: "Leo tumezama katika siri za kitunguu, malkia wa jiko la kisasa." Akaweka picha ya vipande vidogo vilivyolingana kama mchele, na ya pili akiwa ameshika kisu. Ile ya kwanza haikuwa ya uongo, ila vitunguu vilikuwa vya mzimamoto. Vya kwake vilifanana na kokoto.

Wasomaji walikuwa kumi na mmoja. Mama alikuwa mmoja wao, na baada ya siku chache akamtumia wifi yake kiungo.

Shangazi alikuwa na simu nzuri, zawadi ya shule alipostaafu, lakini kuandika kwa vidole hakukumwingia akilini. Aligundua kwamba ukibonyeza picha ya kipaza sauti, simu inaandika unachosema. Basi akawa anaongea nayo kama alivyozoea kuongea katikati ya sufuria zinazotokota, nayo simu ikawa inaandika kila ilichosikia, bila nukta wala mkato. Maoni yake ya kwanza yalitokea chini ya malkia wa jiko la kisasa:

"mwanangu vitunguu vizuri lakini hiyo picha ya pili kisu umekishika kama kalamu sogeza mkono ushike karibu na chuma na vidole vya mkono wa pili vikunje utajikata we paka toka hapo salamu kwa walimu wako wote"

Kijiko alitabasamu kwa unyonge, akajibu, "Asante Shangazi, huku wana mbinu zao." Siku mbili baadaye alijikata. Mzimamoto alimfunga kidole kwa ustadi mkubwa, akimwambia amewahi kuona mabaya zaidi. Habari hiyo haikuingia kwenye blogu.

Wiki ya tano ilikuwa ya supu. Kijiko alizidisha chumvi, akatupa kiazi kizima kwenye sufuria, na mkufunzi akairudisha bila neno. Kijiko akaandika makala ndefu juu ya chumvi na ujasiri, akiwashauri wasomaji wake, sasa kumi na wanne, kwamba kiazi hurekebisha kila kitu.

"kiazi hakinyonyi chumvi mwanangu kinanyonya supu," Shangazi akajibu, "unabaki na supu ndogo yenye chumvi ileile na kiazi ambacho hakuna atakayekila ongeza maji na mboga zisizo na chumvi gawa sufuria mbili moja ya leo moja ya kesho jirani nakuja subiri nazungumza na mtoto yuko ng'ambo"

Chini yake mtu asiyejulikana akaandika: "Asante Shangazi. Umeniokoa, wakwe wako mlangoni."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mpishi wa hospitali fulani akauliza kwa nini maharage yake hupasuka maganda kabla hayajaiva ndani. Shangazi akamjibu kwa maneno mia mbili na hamsini, kuku wawili wakiwika katikati. Bibi harusi mtarajiwa akauliza afanyeje mayai na mafuta yanapokataa kushikana. Akajibiwa naye. Mwanamume mmoja aliyeachwa na mke akauliza wali unapikwaje, na huyo Shangazi alimjibu taratibu, siku tatu mfululizo, kuanzia kuchambua.

Kijiko alikuwa akiangalia tu idadi ya wasomaji ikipanda: sitini, mia mbili, mia tisa. Akavimba kichwa kidogo. Akanunua taa ya kupigia picha. Akaandika kuhusu sahani yake ya kwanza kamili, kipande cha samaki kilichoegemezwa juu ya karoti tatu, na mstari wa mchuzi uliopakwa kwa brashi. Rafiki yake wa mapokezi akampigia simu.

"Blogu yako ofisi nzima tunaisoma," alisema. "Hata meneja. Hasa pale chini."

"Chini wapi?"

"Kwa Shangazi. Kule juu huwa tunapita tu."

Alipofungua blogu kuangalia, Shangazi alikuwa amekwishaiona ile sahani. "nzuri sana kama picha ya kalenda," simu ilikuwa imeandika, "sasa mgeni akimaliza hicho unamletea chakula saa ngapi"

Watu mia moja na sita walikuwa wameonyesha kufurahishwa. Kijiko aliyafuta maoni hayo. Kesho yake watu kumi na tisa waliuliza yamekwenda wapi, na mmoja, aliyekuwa ameyanakili, akayarudisha.

Ndipo akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, nilitaka tuzungumze kidogo kuhusu yale maoni."

"Yamezidi?"

"Hayajazidi. Ila blogu ile ni ya masomo. Walimu wangu wanaweza kuiona."

Chuo kizima hakukuwa na mwalimu aliyejua neno moja la Kiswahili. Upande wa pili kilisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini polepole.

"Nakuaibisha," Shangazi alisema.

"Sijasema hivyo."

"Najua hujasema. Ndiyo maana nimekusaidia kusema. Sawa mwanangu, nitakuwa nasoma tu. Umekula nini?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Kijiko. Kama angefoka, angekuwa na la kumjibu.

Basi Shangazi akanyamaza. Kijiko aliandika makala yake bora kuliko zote, juu ya mkate wa matabaka arobaini, unga na siagi vikikunjwa na kukunjwa siku nzima, na picha zote zilikuwa za mikono yake mwenyewe. Walijibu watu sita. Watano waliuliza Shangazi yuko wapi, na wa sita alikuwa anauza magodoro.

Wiki ya pili ya ukimya mtu akaandika: "Mimi nina wasiwasi. Mtu mzima hanyamazi hivihivi." Mwingine akajibu kwamba naye ameota vibaya. Asubuhi ya Jumanne mtu wa tatu, ambaye pengine alisoma haraka, akaandika, "Poleni sana wafiwa." Kijiko wakati huo alikuwa darasani akitoa mifupa ya kuku. Alipotoka, rambirambi zilikuwa thelathini. Kufikia Alhamisi zilikuwa themanini na nne, na mpishi wa hospitali alikuwa ameandika hotuba nzima juu ya maharage na ubinadamu ambayo ingemtoa machozi hata hakimu.

Kijiko alikuwa bado anatafuta maneno ya kukanusha bila kujitia aibu, baba yake akapiga. Baba huyu kwa kawaida hakupiga simu, alipokea.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, baba."

"Mbona kuna watu sebuleni kwa dada yangu, wamekuja na mchele na sukari, na wanamwuliza yeye mwenyewe mwili uko wapi?"

"Watu gani?"

"Wanawake. Wanasema aliwapikia shuleni. Wamemtambua kwa yale maneno yake ya kwenye mtandao, wakatafutana, wakaja. Mmoja analia mpaka sasa na marehemu amemkalia mbele. Mrefu hivi, sauti yake kama kengele."

Kijiko alikaa kwenye ngazi za chuo, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Na Shangazi amewaambia nini?"

"Hajasema kitu. Anawapikia."

Jioni ile hakuandika kwa madoido. Aliweka kichwa cha habari, Shangazi Yuko Hai, akaeleza ilivyokuwa: kwamba hakuna aliyekufa, kwamba yeye ndiye aliyemwomba anyamaze, na kwamba alimwomba hivyo kwa sababu alitaka kuonekana yeye mwenyewe. Akaongeza kwamba vitunguu vya mwezi wa kwanza vilikatwa na mzimamoto. Alibonyeza kutuma kabla ya kupata akili ya kuisoma tena. Makala hiyo ilisomwa na watu elfu sita, wengi kuliko wote waliowahi kupiga hodi ofisi ya bima katika miaka yake tisa. Wengine walimtukana kwa adabu. Watu wa bima hawakusema kitu, jambo ambalo kwao lilikuwa huruma.

Shangazi alijibu kesho yake saa nne asubuhi. "mimi mzima asanteni kwa mchele lakini una mawe nimeuchambua siku nzima aliyeandika ile hotuba nzuri sana ila mimi maharage siyatii chumvi mapema nilishasema na wewe mwanangu acha kulia watu wanasoma kula vizuri"

Kijiko hakuwa amemwambia mtu kwamba analia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi wa kumi. Kila mwanafunzi alipewa namba, muda wa saa tatu na kikapu kilichofunikwa. Ndani ya kikapu cha Kijiko mlikuwa na samaki, mboga, siagi na mayai. Samaki alimtii. Mboga zilimtii. Kilichomsaliti ni mchuzi wa viini vya mayai na siagi iliyoyeyushwa. Ulikuwa mzito, laini, wa kupendeza, halafu dakika ishirini kabla ya kengele ukakatika, siagi upande wake na mayai upande wake, kama wanandoa waliochokana. Mkufunzi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Mzimamoto alimtupia jicho la pole na kurudi kwenye sufuria yake.

Kilichomjia Kijiko kichwani hakikuwa ukurasa wa daftari. Zilikuwa zile sentensi zisizo na nukta ambazo Shangazi alimjibu bibi harusi: "chukua bakuli safi tia kijiko cha maji ya uvuguvugu halafu hiyo iliyokataa irudishe tone tone huku unapiga usiwe na haraka hata wakikuita usiitike." Akachukua bakuli safi. Akatia kijiko cha maji ya uvuguvugu. Tone la kwanza likashika, la pili likashika, na mtu fulani akaita namba yake, naye hakuitika.

Mkufunzi alichomoa kijiko kutoka mkononi mwa koti, akaonja, akakifuta kijiko, akaonja tena.

"Unalika," alisema. Halafu, badala ya kwenda meza ya pili, akabaki. "Nani alikufundisha kuurudisha hivyo? Mimi sijafundisha hilo."

"Shangazi yangu."

"Mpishi?"

"Ndiyo."

"Alikuwa shule gani?"

"Shule ya bweni," Kijiko alisema. "Miaka thelathini na mmoja."

Mkufunzi akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetajiwa ukoo wa kifalme. "Miaka thelathini na mmoja shuleni," alisema. "Ndiyo maana." Kijiko akafungua mdomo amweleze ni shule ya namna gani, akaufunga. Alipolifikiria vizuri, hakukuwa na kosa la kusahihisha.

Alirudi nyumbani na cheti chenye muhuri wa dhahabu, akakitia kwenye fremu. Aliomba kazi hoteli tatu. Ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili ilisema itampigia, na huenda bado inatafuta namba. Ya tatu mkuu wa jiko alimhoji nusu saa, na kumbe alitaka kujua tu kama Shangazi anafundisha. Aliyempa kazi ni kiwanda cha nguo, wafanyakazi mia nne, wanaokula saa sita na nusu mchana, kwenye trei.

"Nikuambie ukweli," meneja wa kiwanda alimwambia. "Tulimtaka Shangazi mwenyewe. Amesema amestaafu na magoti yanamsumbua. Akatuambia kuna mtoto wake mmoja amesomea."

"Alisema nitaweza?"

"Alisema unajifunza."

Siku ya kwanza aliingia jikoni saa moja asubuhi, kofia nyeupe kichwani, akasimama mbele ya sufuria ambayo angeweza kuogea ndani. Chuoni chakula kikubwa kabisa alichowahi kupika kilikuwa cha watu kumi na wawili, na hao walikuwa wakila kidogo kwa makusudi. Sasa magunia ya mchele yalimtazama naye akayatazama. Wasaidizi wake wawili, wanawake waliokuwa pale tangu kiwanda kinajengwa, walikunja mikono wakisubiri mtu wa ng'ambo aseme neno.

Alimpigia Shangazi. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena, ikawa bado inatumika. Akafungua blogu yake mwenyewe kwenye simu, akashuka chini kama kila mtu, akaandika: "Shangazi, wali wa watu mia nne, sufuria moja kubwa. Nianzie wapi?"

Jibu lilikuja baada ya dakika tano. "subiri mwanangu kuna mama wa harusi na mtu wa hospitali wamekutangulia"

Kijiko aligeuza ndoo, akakaa juu yake, akaanza kuchambua mchele. Wale wanawake wawili walitazamana, kisha mmoja akavuta ndoo yake, na wa pili ya kwake. Walikuwa wamefika katikati ya gunia la kwanza simu ilipolia. "usipike sufuria moja wa chini utaungua wa juu utabaki mbichi gawa sufuria nne maji yachemke kwanza ndiyo mchele uingie ukishakauka funika kitambaa kibichi chini ya kifuniko punguza moto usifunue kwa udadisi nakujua"

Jiko zima lilikuwa na sufuria kubwa tatu tu. Wakagawa kwa tatu. Ya kwanza ilitoka vizuri, wali umeachana punje kwa punje, na ya pili hivyohivyo. Ya tatu, iliyobeba zaidi ya fungu lake, ilishika chini, na harufu yake ikafika hadi kwenye cherehani. Saa sita na nusu watu wakapanga foleni. Kijiko alisimama nyuma ya dirisha na upawa mkononi, akipakua kutoka sufuria mbili za kwanza na kuificha ya tatu nyuma ya mgongo wake, mpaka akafika mwanamke mmoja mwenye nyuzi za pamba kwenye nyusi, akanyoosha shingo kutazama ndani.

"Ile ya nyuma ina ukoko?"

"Kidogo," Kijiko alisema.

"Mbona unatuficha sasa," mwanamke yule alisema, akasogeza trei yake. "Nipe wa huko chini."

Nyuma yake watu watano wakasema nao wanataka wa huko chini. Kijiko akavuta sufuria mbele, akachukua mwiko wa chuma, akaanza kukwangua.